Nimelala hotelini Capri Point, shangazi yangu yuko Igoma. Kesi imefika kwa wazee

Mtoa Uzi

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi.

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza, Igoma. Niliondoka baada ya kidato cha sita, sasa mwaka wa kumi na nne niko Dar. Kila nikirudi nafikia kwa shangazi, dada yake baba. Halijawahi kuwa swali. Unashuka Nyegezi, unapanda daladala, unafika unakuta maji ya kuoga yameshachemka na godoro limetandikwa sebuleni, ambapo utalala na watoto wanne, wawili kati yao hujui ni wa nani na huthubutu kuuliza.

Safari hii mke wangu akasema, "Baba fulani, tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Naomba siku tatu tu nisiamshwe na jogoo." Mtu wa Tanga, aliongea kwa upole. Ule upole naujua. Nikatafuta hoteli.

Jina msiniombe hapa. Ni zile hoteli ndogo za kishua wanazoziita butiki, vyumba kumi na kimoja, kila chumba na sura yake, hakuna lifti, hakuna ukumbi wa semina, hakuna kelele za "wajumbe chai tayari". Mtandaoni bei ilikuwa kwa dola. Nikapiga simu, dada wa mapokezi akanitajia 230,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, na nyongeza ya 40,000 kama nataka chumba kinachotazama ziwa. Nikalipa nyongeza. Umetoka Dar kuja kutazama ukuta wa jirani?

Shangazi sikumwambia. Mpango ulikuwa tumtembelee siku ya mwisho tukiwa na begi mkononi, kama watu walioshuka asubuhi ile. Hapo ndipo palipoharibika, lakini ngoja kwanza niwape chumba.

Aliyeijenga hoteli ile hakutaka kugombana na jiwe. Kuna jabali kubwa kuliko Coaster limeingia chumbani, nusu liko nje nusu liko bafuni, unaoga umeliegemea. Mwanzoni mke wangu aliliogopa, siku ya pili akawa anaanikia kanga. Sisi tuliokulia Mwanza mawe hatuyaoni, ni kama mtu wa Tanga na minazi, mpaka mtu akutoze hela ndipo unagundua kuwa lile jiwe lililokuwa nyuma ya choo cha nyumbani lilikuwa mali. Ila liwekeeni tahadhari: jabali linakunywa jua mchana kutwa, usiku linakurudishia. Mpaka saa tano bafuni palikuwa na joto kama jikoni. Asubuhi wanatoka wale mijusi wa kichwa chekundu na mwili wa bluu, wanapiga pushapu juu ya jiwe. Wanasayansi wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Mke wangu alipiga picha zake nyingi kuliko zangu.

Jioni ya kwanza tukakaa barazani. Jua la Mwanza linazama karibu nusu saa baada ya la Dar, kwa hiyo mtu wa Dar unapata jioni ya bure. Ng'ambo ya ghuba vilima vikawa vyeusi, vivuko vya Kamanga vinapishana, upepo baridi wa mji ulio mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Nikamwambia mke wangu, subiri sasa uone, giza likiingia taa za wavuvi wa dagaa zitawaka, utadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Nilikuwa nimemwahidi hilo tangu uchumba.

Tukasubiri. Saa mbili, saa tatu. Hakuna hata kibiriti. Mwezi mkubwa kama sinia na maji matupu.

Nikamfuata mlinzi, mzee mmoja mstaarabu wa Ukerewe. Akanitazama kwa huruma. "Baba, wewe si wa hapa?" Nikamwambia ni wa Igoma. Akasema, "Basi umesahau. Mbalamwezi hii. Dagaa watafuata taa gani wakati mwezi umewaka ziwa zima? Wavuvi wamelala kwa wake zao." Nililipa 40,000 kwa usiku, mara tatu, kutazama taa ambazo kila mtoto wa Kirumba anajua haziwaki wiki ile.

Siku ya pili asubuhi tulikwenda Saanane, boti dakika chache tu. Pimbi, swala, mawe, upepo. Pazuri, siwachoshi. Mchana tukapita Rock City Mall kununua maji. Dakika kumi tu wakuu. Saa tisa simu inaita.

"Shikamoo shangazi."
"Marahaba baba. Uko wapi?"
"Niko... niko Dar, shangazi."
"Dar ya Capri Point?"

Mwanza ni kijiji chenye lami. Mtoto wa jirani yake anauza laini za simu pale mlangoni.

Mke wangu akaninyang'anya simu, akamsalimia, akasema tulitaka kumfanyia surprise, tunamkaribisha chakula cha usiku hotelini. Kimya. Kisha shangazi akasema, "Nitakuja kuona mnakokaa."

Alikuja saa kumi na mbili na nusu, amevaa kitenge cha sikukuu, ana mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mke wangu akapiga goti kwenye marumaru pale mapokezi, kijana wa mapokezi hakujua aangalie wapi. Halafu akajikakamua kusema chakula cha nje hakiruhusiwi mgahawani. Michembe ikabaki kaunta, ikapewa namba kama koti.

Ukutani kuna kibao: WIFI BURE. Shangazi akakisoma kwa sauti. Akanigeukia. "Wifi bure? Mimi wifi yangu tulimtolea ng'ombe kumi na wawili." Wifi anayemsema ni mama yangu.

Menyu ikaja. Mke akaagiza kuku, mimi na shangazi sato. Tulisubiri saa moja na dakika ishirini. Nikaona aibu inanipanda kutoka miguuni. Kikaja kipande cheupe, kisafi, kimelazwa juu ya viazi vilivyopondwa, na mchuzi wa limau umechorwa pembeni kama sahihi ya daktari. Nitasema ukweli: kilikuwa kitamu. Shangazi alikigeuza kwa uma, mara moja, mara mbili. Kisha akamwuliza mhudumu, taratibu kabisa:

"Mwanangu, kichwa mmempa nani?"

Binti akacheka akidhani ni utani. Shangazi akarudia. Binti akaenda jikoni. Akatoka mpishi mwenyewe, kijana wa miaka thelathini hivi na kofia yake ndefu. Akasema "Mwadila mayu," akainama. Hapo mambo yakabadilika. Wakazungumza Kisukuma, mimi nikidaka neno moja moja. Kumbe vichwa vyote wanavipika wafanyakazi, chukuchuku, wanakula saa kumi. Shangazi akamwambia basi mimi nipikie kama unavyojipikia wewe.

Baada ya dakika arobaini akaletwa sato mzima, mkubwa, amejaa sinia, mkia unaning'inia, nyanya na vitunguu na pilipili mbuzi, na ugali wa muhogo uliotoka kwenye sufuria ya wafanyakazi. Mpishi akaleta na beseni la kunawa. Meza za jirani zikageuka. Mzungu mmoja akaomba kujua ile sahani iko ukurasa wa ngapi. Shangazi alianza na jicho. Kichwa alikifungua kama mtu anayefungua bahasha yenye hela, akampa mke wangu ile nyama ya shavuni kwa mkono wake. Wakuu, mtu wa Tanga anajua samaki, lakini alinyamaza dakika tano nzima.

Bili. Kwenye menyu samaki mzima kaandikwa "bei ya soko". Wamepiga 65,000. Mimi nilishatoa kadi, sitaki maneno. Shangazi akaichukua ile karatasi. "Soko lipi? Mwaloni nimepita leo saa nne." Meneja akaitwa. Sitawachosha, tulilipa 45,000 na risiti ya EFD tukapewa.

Wakati wa kuondoka akaomba michembe yake kaunta. Nikadhani sasa ananipa. Akampelekea mlinzi getini. Akasema, "Huyu ndiye aliyeniuliza habari za nyumbani."

Kwenye bajaji akanambia neno moja tu: "Chakula kizuri. Ila umelala kwa watu, na una kwenu." Kesho yake simu zimeanza kwa baba zangu wadogo wawili, Magu na Kahama. Naitwa kikaoni kwa simu Jumapili.

Sasa wadau, kosa langu ni lipi hasa? Nawasilisha.

---

Kayabo

Uzi bila picha ya kile kichwa cha sato ni uzi mfu. Nimekaa siti ya mbele, nimeagiza karanga.

---

Binti wa Igoma

Kaka yangu, hakuna anayekushtaki kwa kulala hotelini. Una mke, mna haki ya kulala bila watoto wa watu miguuni. Kosa lako ni "niko Dar". Ungepiga simu kabla: shangazi nakuja na mwenzangu, tumefikia mjini kwa sababu hii na hii, leo jioni tunakuja kwako kula. Angelalamika dakika mbili, halafu angechinja kuku. Wewe umemfanya asikie habari zako kutoka kwa muuza laini. Watu wazima hawaumizwi na kitanda, wanaumizwa na kuambiwa na jirani.

Halafu shemeji yetu mnamsingizia. Jogoo hajawahi kuvunja ndoa ya mtu.

---

Mzee wa Mwaloni

Salaam kwenu. Nimeuza samaki Mwaloni pale Kirumba zaidi ya miaka ishirini, ngoja nichangie upande wa sahani, kikao cha ukoo siwezi.

Hilo swali la kichwa si dogo kama mnavyocheka. Viwanda vya minofu viliposhamiri hapa kuanzia miaka ya 1990, sangara mnofu wake ulipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tulibakiwa na mapanki, kichwa na mifupa. Watu walikaanga mapanki, wakalea watoto. Kwa hiyo mama wa umri huo akiona mnofu mtupu mezani hapa hapa Mwanza anajiuliza, ina maana na mimi nimekuwa mteja wa Ulaya? Na mwenye kichwa ni nani sasa? Ameuliza swali la kiuchumi huyo.

Sangara wenyewe ni wageni, waliletwa ziwani miaka ya 1950. Na sato huyu mnayempigania naye alipandikizwa miaka hiyo hiyo. Sato wetu wa asili siku hizi kumpata ni bahati.

Mkitaka kula samaki hotelini bila presha, fanyeni hivi. Asubuhi wakati wa chai mwambieni mpishi: leo saa mbili usiku nataka sato wa kilo moja na nusu. Atampata Mwaloni au kwa mvuvi wake, na jioni hamtasubiri saa nzima na ushee. Kabla hajampika, ombeni kumwona. Jicho liwe limetuna na linang'aa, shavu ukilifungua liwe jekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Samaki aliyelala kwenye barafu siku nne jicho lake limezama kama mtu aliyekesha msibani. Na hiyo "bei ya soko" haipo mpaka samaki amepanda mzani mbele yako. Uliza kabla ya moto. Baada ya moto ni kesi, kama mlivyoona.

Sato wa vizimba, wale wanaofugwa, na wa ziwa? Wa vizimba ana mafuta zaidi na wote wanafanana ukubwa kama matofali. Si mbaya. Mimi wa ziwa namtambua kwenye supu, wengine wanasema nadanganya. Mkiletewa sato wa ukubwa wa kiganja anayedaiwa ni wa ziwani, mrudisheni. Chini ya sentimita 25 sheria hairuhusu kumvua, kama ambavyo sangara chini ya 50 haruhusiwi.

---

Kayabo

"Kama mtu aliyekesha msibani." Mzee usiondoke humu.

---

Nafanya Hotelini

Mimi niko jikoni kwenye hoteli nyingine mjini hapa, naomba niwatetee kidogo wenzangu.

Mgeni akichomwa na mwiba, kesi ni yetu. Wageni wetu wengi, na Waswahili wenzetu wakiwemo, tena wakija na wapenzi wapya, wanataka mnofu. Hataki kunawa, hataki mikono kunuka, anataka picha. Tumewahi kumpa mtu samaki mzima akalia kwamba samaki anamwangalia. Sasa ukiwa na vyumba kumi na kimoja na jiko la watu watatu, unapika kile ambacho hakirudi.

Saa moja na dakika ishirini hiyo sina utetezi. Ila mjue hoteli ndogo haina mapishi yaliyokaa tayari. Meza nne zikiagiza pamoja, ya tano inalala njaa. Hilo la kuagiza mapema alilosema Mzee ndilo linalotuokoa sisi pia.

Na kukataza chakula cha nje si roho mbaya. Mgeni akiugua tumbo kwa alichokuja nacho, anayeandikwa vibaya mtandaoni ni mpishi. Lakini michembe jamani? Michembe imekauka juani miezi, itamdhuru nani? Hapo kijana wa mapokezi alikosa busara, angesema "shikamoo mama" kwanza kabla ya sheria.

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Mtoa uzi, mambo mawili.

La kwanza, dola. Kanuni za mwaka 2025 zilikataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa biashara za humu ndani. Ukikuta hoteli bado imeandika dola, omba bei ya shilingi kwa maandishi kabla hujatuma hela. Kwenye simu utatajiwa kiwango cha kubadilishia cha kwake mwenyewe.

La pili, hiyo 40,000 ya kutazama ziwa. Kabla ya kubuku tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kipindi cha giza, mwezi ukikaribia kujaa wanapumzika, wanatengeneza nyavu na mitumbwi. Siku hizi karabai zimepungua, wengi wana taa za sola, mwanga mweupe zaidi, ila uzuri ni ule ule. Nenda siku mwezi ulipoandama, ndipo utamlipa mkeo ahadi yake. Mbalamwezi chukua chumba cha ukutani, okoa 120,000, teremka ufukweni uutazame mwezi bure.

---

Mtoa Uzi

Mzee wa Mwaloni, nimeukopi mchango wako nimempelekea mke. Amesema sehemu ya shavu jekundu Tanga wanaijua tangu chekechea, tusimfundishe.

Binti wa Igoma, umenipiga lakini nimekubali. Uongo ule hata sijui ulitoka wapi. Mtu una miaka thelathini na mitatu, unaona jina la shangazi kwenye simu unakuwa wa darasa la tatu.

---

Wa Arusha

Wakuu, tunakuja na watoto wawili mwezi ujao, siku nne. Zaidi ya kula samaki kuna nini? Na watoto wataogelea?

---

Jiwe Juu ya Jiwe

Kuogelea ziwani usiwaruhusu, kichocho kipo. Tafuta hoteli yenye bwawa. Picha za Jiwe la Bismarck, lile jabali la ziwani, zipige asubuhi, jioni jua linakupiga usoni. Mkiwa na gari, nendeni makumbusho ya Wasukuma Bujora, pale Kisesa, ngoma zao ni kubwa kuliko watoto wako. Serengeti geti la Ndabaka ni kama kilomita 140 barabara ya Musoma, unaenda na kurudi siku moja ukiwahi kuamka. Na wavusheni Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji. Kabla halijafunguliwa Juni 2025 tulikuwa tunapanga foleni ya kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanakuishia mkononi.

---

Binti wa Igoma

Na kama mna ndugu Mwanza, wapigieni simu KABLA.

---

Mtoa Uzi

Wadau, mrejesho wa kikao cha Jumapili.

Baba mdogo wa Magu alifungua, akaongea dakika ishirini kuhusu nidhamu ya watoto wa mjini. Wa Kahama mtandao ulikuwa unakata, alichosikika akisema ni "mbuzi". Nikaomba radhi kwa ule uongo, si kwa hoteli. Mke naye akaomba kusema, akasema wazo la hoteli lilikuwa lake na shangazi amhukumu yeye.

Shangazi akakohoa. Akasema hana neno na mkwe wake. Alichotaka kujua ni kimoja, lile jiwe la bafuni, ni kweli maji ya moto yanatoka juu yake? Mke akamwambia ni kweli. Akanyamaza kidogo, halafu akatoa hukumu: mwezi wa nane tunarudi Mwanza. Mimi na mke wangu tutalala Igoma, sebuleni, tuwaangalie wale watoto na kuku. Yeye na mama yangu watalala Capri Point siku mbili, kwa gharama yangu, na mpishi aambiwe mapema.

Mzee wa Magu akauliza kama wanaume hawahusiki. Hakujibiwa.

---

Kayabo

Mwambie aangalie mwezi kwanza asije akaliwa 40,000.

---

Mtoa Uzi

Ameshapiga hesabu. Kasema wiki ya giza.